Nguzo ya Tano

Baba alipoanza kusahau, nilimtafutia kazi. Wadogo zangu walisema nimechanganyikiwa. Mzee kastaafu zamani, mama hatunaye tena, mwache akae kule Msalato apalilie mizabibu yake. Lakini ni hiyo mizabibu iliyonitia hofu. Siku moja nilikuta ameikatia mara mbili ndani ya juma moja mpaka ikabaki visiki, na aliponiona akaniuliza ni mjinga gani aliyeiharibu hivyo. Nikamwambia ni mbuzi. Akawalaani mbuzi kwa moyo wake wote, nasi hatujawahi kufuga mbuzi.

Mimi ndiye kifungua mimba, na tangu mama aondoke amri za nyumbani nimezirithi bila kuziomba. Nikaamua.

Nafanya kazi ya kuongoza wageni katika makumbusho ya umeme hapa Dodoma mjini. Jengo letu zamani lilikuwa nyumba ya mitambo ya dizeli. Kuta zake ni nene, madirisha ni madogo na yako juu karibu na paa, na ukiingia asubuhi pua bado inapata harufu ya mafuta, ingawa jenereta kubwa iliyobaki haijanguruma tangu nikiwa mwanafunzi. Tuna koroboi na pasi za mkaa, tuna mita za zamani zenye kisahani kinachozunguka, vikombe vya kaure vya kuzuia umeme vilivyoshushwa kwenye nguzo, paneli za jua, na bwawa la mfano lenye maji ya kweli na mtambo wenye ukubwa wa sufuria. Kinachopendwa kuliko vyote ni mpini wa kuzungusha kwa mkono: ukikazana, taa inawaka. Watoto huugombania. Watumishi wa serikali wanaotoka ofisi za Mtumba huugombania pia, wakishahakikisha kwamba hakuna anayewapiga picha.

Baba alikuwa fundi wa laini. Kwa miaka zaidi ya thelathini alipanda nguzo katika uwanda huu wote, jua la Dodoma likimchoma mgongo na upepo wake ukimyumbisha. Nikamfuata mkuu wetu wa makumbusho, binti ninayemzidi miaka kama kumi na mitano, msomi, mwenye haraka nyingi na roho nzuri, nikamwomba baba awe anakuja kila Alhamisi kuongea na wanafunzi. Akakubali kwa majaribio.

"Akichoka utaniambia, dada," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na akianza kukosea."

Nilimwelewa. Tangu siku hiyo kila Alhamisi nilikaa roho juu. Niliona wazi kwamba zile Alhamisi zikiondolewa, baba ataanza kuondoka kidogo kidogo pale pale nyumbani, huku anakula vizuri na kulala vizuri.

Maana zilimfufua kwelikweli. Jumatano jioni alikuwa anapiga pasi shati lake la kaki mwenyewe, hataki msaada. Alhamisi akifika mbele ya watoto, mtu aliyeshindwa kukumbuka kama amekunywa chai alikuwa anakumbuka uzito wa kila kifaa. Alivaa mkanda wake wa kupandia, akaegemea nyuma kwenye nguzo yetu ya maonyesho akiwa ameachia mikono yote miwili, watoto wakapiga kelele. Nami nikapiga moyoni, kwa sababu ana miaka zaidi ya sabini na magoti yake hayana adabu.

Sehemu aliyoipenda ni ya kibao. Kabla fundi hajapanda nguzo, aliwaeleza, umeme unazimwa kwenye swichi, na juu ya swichi kinatundikwa kibao chekundu: USIWASHE, WATU WAKO KAZINI. Kibao kina namba ya mwenyewe. Aliyekitundika ndiye anayekitundua, si mwingine, hata aje mkubwa gani na kelele gani. Na kabla hajakitundua lazima aite nguzo zote, moja moja. Haliitwi jina la mtu, maana majina hufanana na upepo huyachanganya. Inaitwa nguzo. Aliyekuwa kwenye nguzo hiyo, miguu yake ikishakanyaga ardhi, hujibu kwa kinywa chake mwenyewe: "Chini!"

Basi hugawa nguzo nne kwa watoto wanne, huku na huku ndani ya ukumbi, kisha huita. "Nguzo ya kwanza?" Chini! "Nguzo ya pili?" Chini! Akitokea mtoto mmoja akimsaidia mwenzake mwenye aibu kujibu, baba husimamisha kila kitu.

"Hapana. Mtu hamjibii mwenzake. Hata kama umemwona anashuka. Hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja." Halafu husimulia. Kulikuwa na kikosi cha mafundi watano. Nguzo ya tano ilikuwa mbali na siku ile upepo ulikuwa mkali. Msimamizi akaita. Mtu mmoja akamjibia mwenzake. Umeme ukawashwa.

"Akafa, babu?"

"Hakufa. Alipoteza mkono."

Na hapo huomba maji. Kila Alhamisi, mahali palepale, huomba maji, nami hukimbilia chupa nikidhani ni koo.

Mkuu wetu alipenda sana ile kanuni. Akaiandikisha ukutani kwa herufi kubwa, juu ya picha ya baba akiwa kijana kwenye ngazi: ALIYETUNDIKA NDIYE ANAYETUNDUA. Wageni walikuwa wanapiga picha hapo.

Sasa, Ijumaa moja nilifika kabla ya saa mbili, nikabonyeza taa, hakuna kitu. Nikasema, haya, wamekata. Lakini redio ya saluni ya jirani ilikuwa inapiga kwaya vizuri tu. Nikaenda nyuma ya mlango kwenye swichi kuu, ile ya kweli, inayolisha jengo zima. Mpini wake ulikuwa umeshushwa. Juu yake kilining'inia kibao cha baba.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Jana yake mchana, wanafunzi walipokuwa wanaondoka, baba alisema taa ya lile bwawa la mfano inachezacheza. Mimi nilitoka kuwasindikiza watoto kwenye basi lao. Yeye akazima swichi kuu, akatundika kibao chake, akaikaza taa kwenye kishikio chake, kazi safi kabisa. Kisha mdogo wangu akapiga honi nje kumchukua, na baba akachukua kofia yake akaenda. Milango ilikuwa wazi na jua linawaka, kwa hiyo hata nilipofunga sikujua kwamba hakuna umeme.

Mkuu wetu aliingia saa mbili na nusu, akanikuta nimesimama mbele ya kibao. Saa nne tulikuwa na wageni kutoka wizarani, watu sita, waliopangiwa kwa barua tangu mwezi uliotangulia.

"Kiondoe tu, dada. Hakuna mtu juu. Hakuna hata nguzo!"

"Nguzo ipo moja," nilisema. "Ya maonyesho."

Hakucheka. Nikamwonyesha ukuta. Akatazama herufi zake mwenyewe, akatazama saa.

"Hii ni makumbusho, dada. Tunaeleza kanuni, hatuishi ndani yake."

Hapo hasira ilinipanda, na mimi nikipandwa na hasira sauti yangu hushuka badala ya kupanda. Nikamwambia kwamba baba hajawahi kutunduliwa kibao na mtu katika maisha yake yote ya kazi. Nikitundue leo, Alhamisi nimwambie nini?

Akashusha pumzi. "Kwani bado kuna Alhamisi, dada?" aliuliza, taratibu, bila ubaya. "Amesahau watu gizani."

Nikampigia baba simu.

"Baba, shikamoo. Umeacha kibao chako kwenye swichi."

"Marahaba, mama. Kibao gani? Kibao changu ninacho hapa mfukoni."

Nikamsikia anapapasa. Mfuko wa shati, mfuko wa suruali, kisha zipu ya begi. Kisha kimya. Mimi na baba tumenyamaziana sana maishani, tulipogombana na tulipozika, lakini kimya kile kiliniuma kuliko vyote, kwa sababu nilijua yuko peke yake ndani yake na siwezi kuingia.

"Usikiguse," alisema hatimaye. "Nakuja."

Alikuja kwa bodaboda, kofia ngumu ya dereva ikiwa kichwani mwake. Wageni walikuwa wamekwishafika. Mkuu wetu, nampa haki yake, alikuwa amewapanga kwenye mpini wa kuzungusha kwa mkono na kuwaeleza kwamba wana bahati, wataona kanuni ya kibao ikitendeka kweli. Nilimpokea baba mlangoni. Shati lake la kaki alikuwa amelifunga vifungo vikipishana, upande mmoja juu, mwingine chini. Nikasimama mbele yake watu wasione, nikavifungua na kuvifunga upya, naye akaniachia huku anatazama pembeni.

Hakusalimia mtu, na baba ni mtu wa salamu. Alienda moja kwa moja kwenye swichi, akashika kibao kwa mkono wa kulia, akainua kidevu.

"Nguzo ya kwanza?"

Wageni walitazamana kwenye lile giza la nusunusu. Mkuu wetu, Mungu ambariki, akajibu, "Chini!"

Basi wakaelewa. "Nguzo ya pili?" Mama mmoja mwenye miwani akajibu. Ya tatu ikajibiwa. Ya nne ilijibiwa na bwana mmoja wa tai kwa sauti kubwa mno mpaka wenzake wakacheka. Nikasogea nikitegemea baba ainue mpini, kwa sababu zilikuwa nne siku zote.

"Nguzo ya tano?"

Sikuwahi kumsikia akiiita. Alikuwa anaisimulia tu.

"Nguzo ya tano!" aliita tena, kwa nguvu, kama mtu anayeita dhidi ya upepo. Kibao kikawa kinagonga chuma mkononi mwake. Kicheko cha wageni kikaisha. Baba aliinamisha sikio, akasubiri, na nilivyomwona nilijua atasubiri pale mpaka jioni, mpaka kesho, na kila mtu ataondoka na kuhadithia habari za mzee aliyechanganyikiwa. Roho ikaniuma. Nikasema, "Chini!"

Akageuka. "Nani amejibu?"

"Mimi, baba."

Hakukasirika, ingawa afadhali angekasirika. Kisha akatundua kibao, akakitia mfukoni, akainua mpini. Taa ziliwaka ukumbi mzima, maji ya bwawa yakaanza kuzunguka, wageni wakapiga makofi. Baba akakaa kwenye stuli karibu na jenereta, akaomba maji.

Wageni walipoondoka mkuu wetu alinifuata. Nilikwishajiandaa kumkatalia chochote atakachosema. "Mwambie mzee Alhamisi kuna shule mbili," alisema. "Na dada, awe na mtu karibu." Nilimkumbatia mpaka karatasi zake zikaanguka.

Nilikodi bajaji kumrudisha baba nyumbani. Nilidhani nitampa habari njema ya shule mbili, lakini aliniwahi tulipokuwa hatujatoka hata mjini.

"Aliyejibu siku ile ni mimi."

Nilidhani anaongea habari ya asubuhi. "Hapana, baba, niliyejibu ni mimi."

"Siku ile," alisema. "Mimi nilikuwa nguzo ya nne. Nilishashuka. Wa nguzo ya tano, rafiki yangu, nilimwona amefungua mkanda, anaanza kushuka. Msimamizi akaita mara ya kwanza, upepo ukachukua. Nilikuwa na haraka. Nikasema, huyu si anashuka? Nikajibu."

Lakini rafiki yake, kumbe, alikuwa ameona kitu kimelegea na amerudi juu kukikaza.

Msimamizi aliandika kwamba alisikia sauti ikijibu nguzo ya tano, na ni kweli aliisikia. Walipomwuliza rafiki yake hospitali, alisema alijibu mwenyewe, alijibu mapema, kosa ni lake. Baba alikuwepo pembeni ya kitanda.

"Nikajua umeme umemchanganya, hakumbuki," alisema. "Nami nikanyamaza. Akarudishwa kwao Bahi na kosa langu. Nimepita Bahi na gari la kazi mara ngapi? Sikuwahi kushuka."

Bajaji ilikuwa inarukaruka. Nilimshika mkono. Nilikuwa namwonea huruma na wakati huohuo namwonea hasira, vyote viwili, na hakuna kimoja kilichopungua kwa sababu ya kingine. Zile Alhamisi zote, yale maji.

"Yu hai?"

"Yu hai. Huwa naulizia." Akanigeukia. "Mama, mimi nasahau. Usidhani sijui. Nikilisahau hili kabla sijamwambia, atabaki nalo peke yake, nalo si lake. Kesho nipeleke. Nikiamka nimesahau, nikumbushe. Nikikataa, nipeleke hivyohivyo."

"Na ukifika ukasahau? Nimwambie mimi?"

"Hapana!" Dereva aligeuka kututazama. "Hilo usinifanyie. Nipeleke tu."

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta amevaa tayari, kofia kichwani, na hajui anakwenda wapi. Nikamwambia Bahi. Akaitikia kwa kichwa. Kwenye basi akaniuliza tena tunakwenda wapi, nikamwambia Bahi, akauliza Bahi kufanya nini. Nikasema kumsalimia rafiki yako. Akaniuliza mara ya tatu tulipokuwa tunakaribia kushuka, na safari hiyo nilipojibu akatazama dirishani. Nilitamani kulia. Nilikuwa nimetoka kwangu alfajiri kumpeleka mtu kwenye jambo ambalo huenda alikwishalipoteza njiani.

Lakini tulipochukua bodaboda mbili stendi, yeye ndiye aliyeongoza. Mtu anayepotea kati ya jikoni na sebuleni aliwaelekeza vijana wale bila kusita: kata kushoto penye mashine ya kukoboa, fuata tuta, yapite majaruba mawili ya mpunga, nyumba ya bati yenye mpapai. Miaka zaidi ya arobaini amekuwa akiulizia njia ya nyumba asiyoifikia.

Mwenyeji alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anasuka mgono wa kutegea samaki, ameubana kwa miguu na kuufunga kwa mkono mmoja na meno. Mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kushonwa begani. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mweusi tii. Alituona tangu kwenye tuta, akaacha kufunga.

"Mbukwenyi," alitusalimu kwa Kigogo tulipofika, kisha akamtazama baba usoni. "Fundi."

"Fundi," baba akajibu.

Nikampa shikamoo, tukaletewa vigoda. Mke wake alitoka ndani, mama mnene mwenye cheko, akatusalimia na kurudi jikoni akisema hakuna kuondoka bila kula. Na wazee wakaanza kuongea. Waliongea mvua. Waliongea mpunga, na ndege aina ya kwelea wanavyoumaliza, na maji ya mwaka huu yaliyoleta kambale wengi. Walitaja waliokufa katika kikosi chao, wa nguzo ya kwanza, wa tatu, na msimamizi. Baba alikuwa mchangamfu, anauliza habari za mbegu kama mtu aliyekuja kununua mpunga. Nusu saa ikapita. Harufu ya wali ikaanza kutoka jikoni.

Nikajua amesahau. Kila nilipofungua kinywa nilikumbuka alivyonikatalia kwenye bajaji, nikakifunga. Mimi si mtu wa kunyamaza, watu wote wanaonifahamu watakwambia. Jana yake nilikuwa nimejibu mahali pasipo pangu, mbele ya watu sita, kwa sababu tu sikuweza kuvumilia kumwona anasubiri. Safari hii niliuma ulimi, nikaangalia vidole vya miguu yangu, na ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizomfanyia baba.

"Siku ile," baba alisema ghafla, akakatika. Alikuwa anatazama ule mkono wa shati ulioshonwa. "Siku ile nguzo ya..." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiuliza, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Sikumpa.

Mwenyeji wetu aliuweka mgono chini. "Sema," alisema. "Tuna siku nzima."

Baba alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Aliyejibu ni mimi."

"Najua," alisema mwenzake.

Kuku mmoja alipita katikati yetu, akaenda zake. Nilidhani baba hakusikia.

"Nilikuwa juu," mzee yule aliendelea. "Upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu. Nilikusikia ukisema chini. Sauti yako ningeisahauje, mtu uliyekuwa unaimba kila siku kwenye gari tukakuomba unyamaze? Nilitaka kupiga kelele, nikachelewa."

"Lakini uliwaambia umejibu mwenyewe. Nikadhani umeme umekuchanganya."

"Umeme ulichukua mkono. Akili uliniachia."

"Sasa kwa nini?"

Mzee yule alicheka kidogo, cheko la mtu anayemwona mwenzake hajakua. "Wewe! Wangekufukuza palepale. Na asubuhi nzima ulikuwa unatuchosha na habari za mtoto wako, ana miezi mitatu, ana homa, hanyonyi. Ndiyo haraka yako ile, si chakula wala pombe. Nikalala pale hospitali nikasema, mkono umekwishakwenda. Kazi yake ikienda nayo, mkono utarudi?"

Machozi yalikuwa yanamtoka baba bila sauti na hakuyafuta.

"Nilikuwa nangojea uje tu," mwenzake alisema. "Si kwa hilo. Uje tunywe chai." Kisha, kama aliyekumbuka jambo alilotaka kuuliza kwa muda mrefu, akainama mbele. "Yule mtoto alipona?"

Baba aliinua mkono, akaninyooshea kidole.

"Ni huyu."

Mzee alinigeukia. Nilikuwa nimekaa pale nusu saa na alikuwa amenipa salamu ya mgeni. Sasa alinitazama taratibu, kichwa, mabega, viatu vyangu vya kazini, ile pochi yangu. Nami nilikuwa nafikiria sare zangu za shule, daftari, ada, ile miaka baba alipotoka alfajiri na kurudi na vumbi, nikisoma chini ya taa ya umeme wakati majirani wana koroboi. Siku zote nilidhani vyote hivyo vilitoka kwa mtu mmoja.

"Wanasema mkono mmoja haulei mwana," mzee alisema, na cheko likampanda mpaka mabega yakatikisika. "Haya, na huyu?"

Nikalia, tena kwa sauti, bila aibu yoyote. Mke wake alitoka mbio na kijiko cha wali mkononi akiuliza kuna nini, nani kafa. Mumewe akamwambia hakuna aliyekufa, alete chakula.

Akaleta sinia la wali na kambale wa nazi, kisha birika na beseni la kunawia. Nikampokea. Nikamnawisha baba kwanza, kwa sababu ndiye mgeni mkubwa. Kisha nikapiga magoti mbele ya mwenyeji. Alinyoosha mkono wake juu ya beseni na kungoja nimwagie, kama ambavyo bila shaka hufanya siku zote, amwagiwe tu na kukung'uta. Mkono mmoja hauwezi kujisugua. Nikaweka birika chini, nikaushika kwa mikono yangu miwili, mkono mkubwa, mgumu, wenye kovu la kamba ya mgono kwenye kidole cha shahada, nikausugua kiganja, nikausugua nyuma, nikapita kidole kimoja baada ya kingine. Naye aliniachia. Wali ulikuwa unapoa, na hakuna mtu aliyenihimiza.